Sajini na Hesabu ya Asubuhi

Nilisikia filimbi kabla sijaiona nyumba. Pigo moja refu, mawili mafupi, kisha kimya, na ndani ya kimya hicho nyayo ndogo zikikimbia juu ya udongo mkavu. Nilikuwa bado nje ya uzio wa mabati, nikipapasa kutafuta lango, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba nimepotea njia nikaangukia kambi ya polisi. Kansanga, mtaa wa Kampala, wakati ule ilikuwa hivyo: baa, duka la sabuni, baa nyingine, kanisa la mbao, halafu kichochoro kinachoteremka kwenye vyumba vya kupanga vilivyoshikana kama mabehewa. Mtu angeweza kupotea akiwa anaona barabara.

Nilipolipata lango nikachungulia. Watoto walikuwa wamesimama mstari mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, mashati yamevaliwa upandeupande, na yule mdogo kabisa alikuwa bado ana alama ya mkeka shavuni. Mbele yao alisimama mwanamume mrefu mwenye kaptura ya jeshi iliyopauka na ndala miguuni. Alikuwa anahesabu. Alimgusa kila mtoto utosini kwa kidole kimoja, midomo ikicheza bila sauti, na alipofika mwisho wa mstari akatazama pale pasipokuwa na mtu. Akarudi mwanzo, akahesabu tena.

Aliponiona hakushtuka. "Musawo," akasema, "ona wewe mwenyewe. Moja hakuna."

Musawo ni daktari kwa Kiganda. Mjue mapema, ninyi mnaoanza kazi hii, kwamba mtaitwa hivyo mpaka siku ya kustaafu, hata kama hamjawahi kushika sindano. Nimefanya kazi katika ofisi ya huduma za familia tangu nikiwa na magoti mazuri, na sijaponya hata mafua. Siku moja mama mmoja alinivulia blauzi anionyeshe kipele. Nilimwambia, "Mama, mimi nashughulika na ugomvi tu." Akajibu, "Basi na hiki kinanigombeza usiku kucha." Nikampeleka zahanati, njiani akanisimulia habari za mumewe, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Kwa hiyo msikatae jina. Jina hufungua malango.

Mwanamume yule aliitwa Ogwal, Mlango kwa kabila, kutoka Lira huko kaskazini, aliyekuwa sajini mpaka jeshi lilipopunguza watu baada ya vita. Jana yake alikuwa amekuja ofisini kwetu, akasimama wima mbele ya meza, akatoa taarifa kwamba bintiye, Aceng, ameibwa. Mwizi alikuwa jirani, mwanamke Mkongo aitwaye Mama Furaha, mkaanga mandazi. Mahali pa wizi: chumba cha ng'ambo ya ua. Sajini alikuwa anamwona mtoto wake kila siku akichota maji, akianua nguo, akicheka, na mtoto hakuwa anavuka ule ua. Aceng alikuwa darasa la sita. Hakuwa ameibwa. Alikuwa amehama.

"Shule ikifunguliwa kabla hajarudi," Sajini alisema, "mimi napeleka yeye Lira kwa ndugu yangu. Huko atanyooka."

Na mkewe, Teddy, Mganda wa Mukono, alikuwa amesimama nyuma yake. Alingoja mumewe amalize, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi: "Na siku ukimpeleka Lira, mimi na hawa wengine tunakwenda kwa mama yangu."

Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwetu. Mtoto mmoja kuvuka ua, au nyumba nzima kusambaratika.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya bucha. Mvua ikinyesha tulisikia bati, jua likiwaka tulisikia shoka la mwuza nyama. Mkuu wetu tulimwita Nnaalongo, maana alikuwa mama wa mapacha, na kwa Waganda hicho ni cheo kikubwa kuliko kile kilichoandikwa mlangoni pake. Watu walidhani tunagawa unga. Wakija wakikuta hakuna unga walikaa tu, kwa kuwa walikuwa wameshafika, na wakikaa walianza kusema. Nnaalongo alipenda hivyo. Alisema mtu aliyekuja kutafuta unga hana aibu, ila aliyekuja kutafuta ushauri anaficha uso. Basi hatukuweka kibao cha kukanusha.

Mimi nilizaliwa katika nyumba za reli, Nsambya. Baba alikuwa fundi wa injini, na pale kwenye nyumba za reli kila kabila lilikuwa na mlango wake, lakini uani tulikuwa na Kiswahili kimoja. Mama alinibembeleza kwa Kiswahili. Nilipigwa kwa Kiswahili, nikapendwa kwa Kiswahili. Ilinichukua muda kutambua kwamba nje ya geti la nyumba zile, katika mji huohuo, watu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, mtutu umeelekezwa kifuani. Lala chini. Leta. Toka. Hayo ndiyo waliyojifunza. Miaka ya mwanzo baada ya vita nilipiga hodi kwenye nyumba moja karibu na maduka ya jumla ya Kikuubo, nikasikia viti vinaanguka ndani, na mzee akatoka mikono imeinuliwa, soksi moja mguuni. Nilimwomba radhi kwa Kiganda. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini mikono ilichukua muda kushuka.

Kwa hiyo nilipokiona kile kikosi cha watoto na filimbi, nilijiona nimeshaelewa. Baba anasema Kiswahili cha jeshi. Watoto wamekulia Kampala, lugha yao ni Kiganda. Mtoto ameikimbia lugha. Nilirudi ofisini nikamweleza Nnaalongo kwa ufasaha mwingi, na nafikiri hata nilisimama ili maneno yatoke vizuri.

Nnaalongo alikuwa anakula ndizi. "Kale," akaitikia kwa Kiganda. "Umeongea na mtoto?"

"Bado."

"Aha. Basi umeongea na filimbi."

Nikaenda kwa Mama Furaha siku hiyohiyo.

Chumba chake kilikuwa na harufu ya mafuta na iliki. Kwenye kona palikuwa na magunia ya unga wa ngano yaliyopandishwa kilima kutoka Kikuubo, na ukutani kitenge kimetundikwa kama pazia mahali pasipo na dirisha. Alikuwa ametoka Bukavu wakati watu walipokuwa wanatoka. Hakuniambia zaidi ya hapo, nami sikuuliza. Aceng alikuwa sakafuni anakanda, mikono nyeupe hadi viwiko, nywele zimefunikwa kwa kitambaa cha Kikongo, na alikuwa anabishana na mwenyeji wake kwa Kiswahili. Tena si Kiswahili cha kuombaomba. Kiswahili cha Bukavu, kile kinachopanda na kushuka kama wimbo wa kanisani.

"Mama Furaha, chumvi ulitiaka ama hapana?"

"Nilitia. Onja, usiniulize sawa polisi."

Nadharia yangu ilifia hapo mlangoni kabla sijavua viatu.

Mama Furaha alinipa kigoda, akaniwahi. "Miye sikuiba mutoto wa mutu. Alikuja mwenyewe na viatu vyake, akalala pale. Mutoto akilala, unamuamusha umuulize kitambulisho?"

"Hakuna anayesema umeiba, mama."

"Mwanajeshi anasema. Kila asubui anasimama pale, anaangalia mulango yangu sawa vile iko na deni yake."

Nilimwuliza Aceng kama anatunzwa vizuri pale. Akaitika. Nilimwuliza kama anamwogopa baba yake. Akaendelea kukanda. "Hapigi," akasema. Sikupata neno jingine siku hiyo, na sikulilazimisha. Nilikunywa chai yangu, nikakanda donge moja, likatoka vibaya, wakanicheka wote wawili. Kazi ya siku ile ilikuwa ni kuchekwa.

Sasa niwaambie habari ya kusindikizwa, maana nikiisahau nitakuwa nimewapa kisu bila makali.

Hapa kwetu mgeni hatoki peke yake. Mwenyeji humsindikiza, nyumba mbili, nyumba tatu, hadi barabarani. Nilichojifunza kwa Nnaalongo ni kwamba mnapokaa ndani, uso kwa uso, watu hukupa yale ya adabu. Wakisimama kukusindikiza, mnatembea bega kwa bega, wote mnatazama mbele, kila mtu anatazama jiwe la kukanyaga, ndipo yale mengine hutoka. Kwa hiyo ukifika kwenye nyumba, usiwe na haraka ya kupata siri ukiwa umekaa. Kaa, salimia, shika mtoto, kunywa ulichopewa. Kisha aga mapema. Aga wakati bado wana hamu. Siku hizi nawaona vijana mnapigia boda simu ikaja mpaka mlangoni, mnapanda, mnakwenda. Mnafika upesi ofisini mkiwa hamna kitu. Mwambieni boda angoje barabarani.

Kesho yake nilikwenda kukaa na Teddy, na nilipoaga akanisindikiza. Tulikuwa tumepita baa ya pili alipofungua mdomo.

"Musawo, mimi sitaki kwenda kwa mama."

"Najua."

"Watu wanadhani mwanajeshi ni mtu mbaya. Huyu hajawahi kuninyanyulia mkono. Alirudi kutoka jeshini na sanduku la bati na ile filimbi. Wenzake walirudi na chupa." Akaruka dimbwi, nami nikaruka nyuma yake. "Lakini kila asubuhi, Musawo! Hata Jumapili. Hata mtoto akiwa na homa, anamtoa nje amsimamishe kwenye mstari. Nikimwuliza, anasema ni lazima. Lazima ya nini? Hasemi. Aceng alimwambia, 'Baba, sisi si wafungwa.' Akapuliza tena."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilipika uji," akasema Teddy. "Ningefanya nini?"

Sasa ulibaki mkutano wenyewe, na hapa lazima niwasimulie habari ya viti vya Ntinda, mjue kwa nini tuliufanya chini.

Tulikuwa na mwenzetu, Katende, kijana msafi, aliyerudi kutoka kwenye semina akiwa amejifunza kwamba familia ikiwa na mzozo iketishwe katika duara, kila mtu kiti chake, viti vyote vya kimo kimoja, asiwepo mkubwa wala mdogo. Wazo zuri sana. Familia aliyokuwa anaisaidia iliishi Ntinda na haikuwa na viti vya kutosha, basi Katende akakodi viti vya plastiki, vikaletwa na pikapu, vikapangwa mbele ya nyumba asubuhi. Wote mnaokaa Kampala mnajua viti vya kukodi mbele ya nyumba asubuhi vina maana gani. Kabla Katende hajamaliza kupanga duara lake, jirani mmoja alipiga yowe. Mwingine akafika na kuni. Wanawake wakaingia jikoni wakaanza kumenya matoke, na mzee wa kanisa akataka kujua marehemu ni yupi. Baba wa nyumba, aliyekuwa amegombana na mkewe mwezi mzima, alitoka chumbani akakuta watu wanamlilia. Katende alijaribu kueleza. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia, "Jikaze, mwanangu."

Mume na mke wale walipatana siku hiyo, kwa kuwa walilazimika kushirikiana kuwafukuza waombolezaji. Lakini Nnaalongo alipiga marufuku viti. Tangu hapo tukakaa kwenye mikeka, na katikati tukaweka karanga za kubambua. Karanga zina faida nyingi. Mikono inapata kazi. Macho yanapata pa kutazama. Mtu akishindwa kujibu anachukua karanga nyingine, wala hakuna anayesema amenyamaza.

Basi mkeka ulitandikwa katikati ya ua, pasipo upande wa Sajini wala wa Mama Furaha. Alasiri tulivu, nguo zimeanikwa, redio ya mtu inaimba mbali. Sajini alikaa mgongo umenyooka. Teddy karibu naye. Mama Furaha alikuja na sufuria yake ya unga uliofunikwa, eti usije ukaumuka bila yeye. Aceng alikaa ubavuni pangu, mgongo nusu kwa baba yake.

Ofisini tulikuwa na desturi tuliyoiita kubeba maneno. Watu wawili wasiosemeshana hawasemeshwi. Kila mmoja anamwambia mgeni, na mgeni anayabeba maneno hadi kwa mwingine, wanafamilia wasifanyiane kazi hiyo, maana mke akibeba ya mume atatia yake. Aceng alikuwa ameapa kutomwambia baba yake neno la Kiswahili. Angesema Kiganda tu, ambacho Sajini alikijua cha kuombea chumvi tu. Kwa hiyo mchukuzi nilikuwa mimi.

Sajini alianza. "Ambia yeye nyumba iko na sheria. Ambia yeye mtoto hapana hama ovyo kama kuku. Yeye narudi leo. Hiyo ni amri."

Mtanisamehe, nilikuwa nimeipenda familia ile. Nikamgeukia Aceng, nikasema kwa Kiganda laini kuliko vyote nilivyonavyo: "Baba yako anasema amekukosa sana nyumbani. Angefurahi kama ungerudi."

Aceng hakuinua macho kwenye karanga. "Hakusema hivyo," akanijibu kwa Kiganda. "Amesema mimi ni kuku."

Teddy alipaliwa na kicheko. Mama Furaha, asiyejua Kiganda, alitutazama mmoja mmoja akitaka kujua kilichochekesha.

"Yeye nasema nini?" Sajini akauliza.

"Anasema," nikaanza, "kwamba mimi nimetafsiri vibaya."

Alinigeukia mwili mzima. Ndipo nilipoelewa jinsi askari wake walivyojisikia. "Musawo. Wewe nabadilisha maneno yangu?"

"Nimelainisha kidogo, afande."

"Mimi nasema kuku. Wewe nasema nini?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kwa Kiswahili, wote wakisikia: "Nimesema umemkosa sana, na ungefurahi akirudi."

Redio ya mbali ilikuwa imebadilisha wimbo. Sajini alichukua karanga moja, akaibambua, akapuliza maganda kwenye kiganja, akaiweka bakulini taratibu kama risasi.

"Hiyo pia iko kweli," akasema.

Vijana, nimehudhuria mafunzo mengi tangu siku ile. Sijawahi kuwashauri watu wapotoshe maneno ya wengine, na msifanye. Nawaambia tu yaliyotokea. Nilihisi bega la Aceng likigeuka. Alikuwa ameisikia sentensi ile kwa masikio yake, kwa lugha ya baba mwenyewe, bila mimi katikati. Akavunja kiapo chake kwa Kiswahili cha Mama Furaha, kikipanda na kushuka.

"Kama umenikosa, filimbi ni ya nini? Kwa nini unatuhesabu kila siku? Tutaenda wapi?"

Nilimwona Sajini akitafuta lile neno lake la siku zote, lazima, halafu akaliacha lipite.

"Huko porini," akasema, "usiku mtu nakufa kimya. Wewe nalala karibu yake, nasikia baridi, nafikiri ni umande. Wewe hapana jua. Asubuhi mimi napuliza, vijana nasimama, nahesabu. Kama wote iko, nasema asante Mungu. Halafu nakunywa chai." Alitazama mikono yake. "Siku ingine hesabu hapana timia. Sasa hapa... nyumba ni nzuri, mimi najua. Hakuna adui. Lakini asubuhi nikifungua macho, chai hapana pita hapa." Akagusa koo. "Mpaka nimehesabu."

Teddy alikuwa ameshika ganda la karanga, amelisahau mkononi.

"Tangu wewe nahama," Sajini akamwambia binti yake, "mimi nahesabu, nafika mwisho, moja hakuna. Kila siku. Najua iko pale kwa Mkongo, naona nguo yake. Lakini hesabu hapana jua."

Aceng aliwaza. Alikuwa mtoto wa namna hiyo, ukimpa jambo analigeuza upande wa pili kuona kama limeiva.

"Si ungetuhesabu tukiwa tumelala?"

"Nini?"

"Tukiwa tumelala. Bila filimbi. Miguu inatokea kwenye blanketi. Unahesabu miguu, unakwenda kunywa chai."

Sajini alilichukua kama mpango wa doria. "Na kama mtu nafunika miguu?"

"Unafunua kidogo."

"Na najua namna gani kama napumua ama hapana pumua?"

"Vidole vitakuwa na joto," akasema Aceng. "Unagusa."

"Miguu," akasema Sajini peke yake. "Miguu naweza."

Ndipo Teddy alipodakia. "Banange! Miaka yote hii nadhani mume wangu anatuchukia, kumbe anatafuta chai!" Alicheka, akajifuta macho kwa gauni lake la gomesi, akaendelea kujifuta baada ya kicheko kwisha. Mama Furaha alifunua unga akautazama, akaufunika tena.

Mngetaka niseme kwamba mtoto alivuka ua jioni ile. Hakuvuka. Alirudi na Mama Furaha kukaanga mandazi, na mimi nikasindikizwa na Sajini mwenyewe, hatua ndefu, hadi barabarani. Pale akasema, "Kama hapana rudi, sitapeleka yeye Lira. Ambia mama yake." Nikamjibu kwamba hayo nisingeyabeba, maneno hayo ni mepesi, ayapeleke mwenyewe. Alinipigia saluti. Nafikiri aliyapeleka.

Nilitaka kwenda tena kesho yake. Nnaalongo akanikataza. "Ukienda watakuonyesha wanavyopendana," akasema, "halafu watachoka. Waache." Sehemu kubwa ya kazi hii ni kutokwenda. Hakuna atakayewalipa kwa hilo wala kuliandika mahali popote, na ni gumu kuliko kupanda vilima vya Kampala kwenye mvua.

Baada ya siku kadhaa Sajini alikuja ofisini, akasimama pale pale mbele ya meza. "Musawo, filimbi nafungia kwa sanduku. Sasa nahesabu miguu. Wale watoto nalala vibaya sana! Moja naweka mguu ukutani. Ingine nalala kichwa huku, mguu kwa mto."

"Na hesabu?"

"Bado miguu mbili," akasema, akatoka.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa nilipopita kwa Mama Furaha, si kwa kazi, nilitamani mandazi tu. Ilikuwa asubuhi, mafuta yamepata moto, Aceng anayageuza kwa uma mrefu. Kupitia mlango uliokuwa wazi tuliona ua mzima. Sajini alikuwa ametoka. Alikaa kwenye kizingiti chake, kikombe cha bati mikononi, mvuke unapanda. Hakunywa. Alikishika tu, akatazama chini, mpaka mvuke ukapungua, mpaka ukaisha.

"Kila siku iko vile?" nikamwuliza Mama Furaha kwa sauti ya chini.

"Kila siku. Halafu anamwagia kuku."

Aceng aliopoa mandazi ya mwisho kwenye karai, akaweka uma. Akanawa mikono polepole, kila kidole. Alivua kile kitambaa cha Kikongo kichwani, akakikunja, akakiweka juu ya gunia, na Mama Furaha akakichukua akamrudishia bila kumtazama. Viatu vya shule vilikuwa chini ya kigoda. Akavichukua mkononi.

"Mama Furaha," akasema, "yule mzee hanywi chai."

"Naona."

"Nitakuja kukanda. Nikitoka shule."

"Utakuja, hautakuja, unga itakandwa." Alikuwa anafunga mandazi ndani ya gazeti, mengi kuliko yanayoingia, mengine yakitoroka pembeni. "Peleka hii. Watu wengi kule, wanakula sawa jeshi. Na usisimame pale, unaniletea vumbi ku mafuta. Enda. Funga mulango."

Aceng alipita, kifurushi kifuani, viatu mkononi, na akaufunga.